Hotuba ya Papa Benedict wa 16 mjini Regensburg: Tuipime kwa Mizani Gani?

  

Tarehe 12 Septemba 2006 Papa Benedict wa 16, kiongozi mkuu wa Kanisa Katoliki wakati huo, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani. Ndani ya mhadhara huo alinukuu maneno ya mfalme mmoja wa Kikristo wa karne ya 14, ambaye alidai kuwa Mtume Muhammad (s.a.w.) hakuleta jipya lolote ila shari, na kwamba aliamrisha imani yake ienezwe kwa upanga. Katika siku chache zilizofuata maandamano yalifanyika katika nchi nyingi za Waislamu, makanisa yakashambuliwa huko Palestina, na mtawa wa Kikatoliki akauawa kwa risasi mjini Mogadishu.

Papa huyo alijiuzulu mwaka 2013 na kufariki tarehe 31 Desemba 2022. Aliyemfuata, Papa Francis, alifariki tarehe 21 Aprili 2025, na tarehe 8 Mei 2025 akachaguliwa Papa Leo wa 14. Huenda msomaji akauliza: basi kuna haja gani ya kurudi kwenye hotuba ya mwaka 2006? Haja ipo. Kila Papa anapofariki na mwingine anapochaguliwa, mjadala ule ule hurudi misikitini na barazani: yupi alikuwa rafiki wa Waislamu na yupi alikuwa adui. Hukumu hutolewa kwa picha moja au kwa sentensi moja. John Paul wa Pili husifiwa kwa kuwa alibusu Msahafu. Benedict hulaaniwa kwa kuwa alinukuu tusi. Wachache waliosoma hotuba yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Hiyo si njia ya wanazuoni wetu. Wao walituachia mizani ya kupimia kauli: nani kaisema, kaipokea kwa nani, upande wa pili umesikilizwa au la, na maneno yana maana gani yakichukuliwa kwa ukamilifu wake. Makala hii inakusudia kuipima hotuba ya Regensburg kwa mizani hiyo. Tukifanya hivyo tutaona kuwa hotuba ile ina makosa mazito zaidi kuliko yale yaliyopigiwa kelele barabarani. Tutaona vile vile kuwa mizani hiyo inatuhukumu na sisi, kwani Allah (s.w.) ametuamuru katika Suratul-Maida (5:8) kuwa chuki yetu kwa watu fulani isitufanye tukaacha uadilifu.

Mzungumzaji na alichokikusudia

Jina lake la kuzaliwa ni Joseph Ratzinger. Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1927 katika kijiji cha Marktl, jimbo la Bavaria. Alikuwa mwalimu wa elimu ya dini ya Kikristo katika vyuo vikuu vya Bonn, Münster, Tübingen na hatimaye Regensburg, alikofundisha kuanzia mwaka 1969 hadi 1977 alipofanywa Askofu Mkuu wa Munich. Mwaka 1981 Papa John Paul wa Pili alimteua kuongoza idara ya Vatican inayosimamia usahihi wa mafundisho ya imani, na alibaki hapo mpaka alipochaguliwa kuwa Papa tarehe 19 Aprili 2005. Kwa hiyo siku ile ya Septemba alikuwa amerudi katika chuo chake cha zamani, akizungumza na wasomi kuhusu imani, akili na chuo kikuu.

Uadilifu unatutaka tuseme wazi kwamba Uislamu haukuwa mada kuu ya hotuba ile. Umezungumzwa katika aya chache za mwanzo tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni ukosoaji wa Ulaya yenyewe. Papa aliwakosoa wasomi wa Kimagharibi waliodai kuwa akili ni ile tu inayothibitisha mambo kwa vipimo vya maabara, wakaitoa dini nje ya uwanja wa elimu. Aliwakosoa pia Waprotestanti na wasomi wengine wa Kikristo waliotaka kuitenganisha imani yao na falsafa ya Kiyunani. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kutenda kinyume cha akili ni kinyume cha tabia ya Mungu, na kwa hiyo kumlazimisha mtu imani kwa nguvu hakukubaliki.

Hoja ya kwamba imani hailazimishwi, Mwislamu hana ugomvi nayo. Swali ni hili: kama hivyo ndivyo, kwa nini ilimlazimu aupitie Uislamu ili kufika huko, na aliupitia kwa njia gani?

Kosa la kwanza: kusikiliza upande mmoja

Nukuu ile aliitoa kwa mfalme Manuel wa Pili Palaiologos wa Byzantium, yaani dola ya Warumi wa Mashariki iliyokuwa na makao yake Konstantinopoli. Mfalme huyo alijadiliana na mwanazuoni mmoja wa Kiislamu, Mfursi, karibu na Ankara mwaka 1391. Wakati huo Manuel alikuwa katika kambi ya Sultani Bayezid wa Kwanza wa Waothmaniyya, akilazimika kumfuata vitani kwa sababu dola yake ilikuwa imekwisha kuwa chini ya Sultani. Papa mwenyewe alieleza kuwa yaelekea mfalme aliyaandika mazungumzo hayo baadaye, wakati mji wake ulipokuwa umezingirwa baina ya mwaka 1394 na 1402. Akaongeza kuwa ndiyo sababu hoja za mfalme zimeelezwa kwa urefu kuliko majibu ya yule Mfursi.

Ndugu msomaji, hebu zingatia maneno hayo. Papa anajua kuwa mwandishi ni mtu aliyezingirwa na jeshi la Waislamu. Anajua kuwa mwandishi huyo huyo ndiye mdai, ndiye shahidi na ndiye karani wa kesi. Anajua kuwa majibu ya Mwislamu yamefupishwa. Pamoja na hayo, akachagua tuhuma nzito kabisa akaisoma mbele ya hadhara, na jibu la yule mwanazuoni hakulisoma, hata kwa muhtasari.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali bin Abi Talib (r.a.) kwenda Yemen kuwa kadhi, alimfundisha kuwa watakapokaa mbele yake watu wawili wanaoshitakiana, asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, na juu yake mafakihi wamejenga mlango mzima wa adabu za kadhi. Kwa kipimo hicho, ukumbi wa Regensburg ulisikia shitaka na kuondoka bila ya utetezi.

Ni kweli kwamba Papa aliueleza ukali wa mfalme kuwa ni wa kushtusha. Katika maandishi rasmi yaliyotolewa baadaye akaongeza kuwa ukali huo haukubaliki kwetu, na katika maelezo ya chini akasema kuwa sentensi ile haielezi mtazamo wake binafsi juu ya Qur'ani. Tarehe 17 Septemba 2006 alisema hadharani kuwa amesikitishwa sana na hali iliyosababishwa na maneno yale. Haya yote tuyahesabu upande wake. Lakini anayesimulia tusi la mwingine na kulitegemea kama daraja la hoja yake, kisha asilijibu, hawezi kujitoa kwa kusema tu kuwa alinukuu. Mwalimu wa chuo kikuu analijua hilo kuliko mtu mwingine.

Kosa la pili: aya iliyotolewa mahala pake

Hili ndilo kosa kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa fiqhi na tarehe, na ajabu ni kuwa halikuzungumzwa sana. Papa aliitaja aya ya 256 ya Suratul-Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini. Kisha akasema kuwa kwa mujibu wa wataalamu, hiyo ni katika sura za zama za mwanzo, Muhammad (s.a.w.) alipokuwa bado hana nguvu na yuko hatarini. Maana yake ni kwamba Waislamu walihubiri uhuru walipokuwa wanyonge, na walipopata nguvu wakaubadilisha. Katika maandishi yaliyorekebishwa iliwekwa kuwa baadhi ya wataalamu ndio wasemao hivyo, na kuwa huenda ndivyo ilivyo. Kosa likapunguzwa makali, halikuondolewa.

Suratul-Baqara ni sura ya Madina. Hilo halina mjadala baina ya wafasiri. Na aya hii hasa ina sababu ya kushuka inayojulikana. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa katika zama za kabla ya Uislamu, mwanamke wa Madina ambaye watoto wake walikuwa hawaishi aliweka nadhiri kuwa akipata mtoto akaishi, atamlea katika Uyahudi. Walipofukuzwa Mayahudi wa Banu Nadhir, yaani mwaka wa 4 Hijria, miongoni mwao walikuwemo watoto wa Ansari waliolelewa kwa namna hiyo. Wazazi wao, ambao sasa ni Waislamu, wakasema kuwa hawatawaacha watoto wao waende. Hapo ndipo aya iliposhuka.

Hebu tuitazame hali ilivyokuwa. Waislamu ndio waliokuwa na nguvu Madina. Kabila la Mayahudi ndilo lililoshindwa na linaondoka. Wanaotaka kulazimisha ni wazazi, na wanaotakiwa kulazimishwa ni watoto wao wa kuwazaa. Hakuna hali ambayo kulazimisha kungeonekana kuwa ni jambo la kibinadamu kuliko hiyo, na bado aya ikakataza. Kwa hiyo aya ile haikuteremka kwa mnyonge anayeomba asibughudhiwe. Iliteremka kumzuia mwenye nguvu. Hoja ya Papa imesimama juu ya kinyume cha ukweli wa tarehe.

Amana ya elimu inatutaka tuongeze kuwa wanazuoni wetu hawakuwa na kauli moja kuhusu upeo wa aya hii. Wapo waliosema imefutwa na aya za kupigana. Wapo waliosema inahusu Watu wa Kitabu na mfano wao. Imamu Tabari (aliyefariki mwaka 310 Hijria) aliikataa kauli ya kufutwa, akasema kuwa inawahusu wale ambao jizya hukubaliwa kwao. Na Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria) ameeleza katika Al-Mughni kuwa mtu asiyejuzu kulazimishwa, kama vile dhimmi na mwenye kupewa amani, akilazimishwa akasilimu, hukumu ya Uislamu haithibiti kwake mpaka ionekane dalili kuwa ameukubali kwa hiari yake. Hivi ndivyo mafakihi walivyoandika katika zama ambazo dola ilikuwa mikononi mwa Waislamu. Msomi aliyetaka kujua Uislamu unasema nini juu ya kulazimisha imani, hapa ndipo pa kutazama, si katika daftari la mfalme aliyezingirwa.

Wala tusikimbilie kudai kuwa tawala zetu zote zilitenda kwa mujibu wa fiqhi hiyo. Al-Muwahhidun wa Maghrib na Andalusia, katika karne ya 12, waliwabana Mayahudi na Wakristo wachague baina ya kusilimu na kuondoka. Waothmaniyya walikuwa na utaratibu wa devshirme, wa kuchukua watoto wa raia wao Wakristo, kuwasilimisha na kuwafanya watumishi na askari wa Sultani. Mambo haya yalitokea, na kwa kipimo cha mkataba wa dhimma hayana utetezi. Lakini makosa ya watawala ni hoja dhidi ya watawala. Aliyesema kuwa upanga ndiyo amri ya Mtume (s.a.w.) alipaswa kueleza kwa nini Misri ilibaki na Wakristo wengi kwa karne nyingi baada ya kufunguliwa mwaka 641, na kwa nini Wakopti wapo mpaka leo. Alipaswa kueleza pia ni jeshi gani lililoupeleka Uislamu Indonesia, au lililojenga msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria.

Kosa la tatu: sanadi dhaifu na kuacha wengi

Ili kuonyesha kuwa kwa Waislamu Mungu hafungwi na akili, Papa alimtaja Ibn Hazm wa Andalusia (aliyefariki mwaka 456 Hijria). Lakini aliipokeaje kauli hiyo? Aliipokea kwa Theodore Khoury, mhariri wa mazungumzo ya Manuel, naye Khoury akiwa ameipokea kwa msomi wa Kifaransa Roger Arnaldez, naye Arnaldez ndiye aliyemsoma Ibn Hazm. Mwanafunzi wa hadithi wa mwaka wa kwanza angeuliza: asili iko wapi?

Hata tukiichukua kauli yenyewe kuwa ni sahihi, Ibn Hazm alikuwa imamu wa madhehebu ya Dhahiri, ambayo hayamo katika madhehebu manne yanayofuatwa na Ahlus-Sunna. Naye huyo huyo aliandika kitabu cha kuitetea elimu ya mantiki na kuifundisha kwa mifano ya fiqhi. Maturidi na wafuasi wake waliipa akili nafasi katika kumjua Allah (s.w.). Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba, aliandika risala nzima juu ya kuafikiana kwa falsafa na sharia. Na Imamu Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 Hijria, sawa na 1388, miaka 3 tu kabla ya mjadala ule wa Ankara, aliacha kitabu cha Al-Muwafaqat, ambamo ameonyesha kuwa sharia yote imewekwa kwa makusudio na maslahi ya waja. Zama alizozichagua Papa kutuonyesha Uislamu usiojali akili ndizo zama za Shatibi na Ibn Khaldun.

Ama kuhusu Mungu kutofungwa na lolote, Qur'ani (6:12 na 6:54) inatuambia kuwa Allah (s.w.) amejilazimisha mwenyewe rehema. Na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Dharr (r.a.), Allah (s.w.) anaeleza kuwa amejiharamishia dhulma. Hakuna anayemfunga Mola, lakini Yeye mwenyewe ametuahidi, na ahadi yake haivunjwi. Haya ni mafundisho ya madrasa, hayahitaji kupitia Paris wala Münster.

Ukimya juu ya historia ya Kanisa

Jambo la mwisho kuhusu hotuba hiyo ni lile ambalo halikusemwa. Aliyesimama pale alizungumzia imani na mabavu, wala hakutaja kuwa Papa Urban wa Pili ndiye aliyetangaza vita vya msalaba mjini Clermont mwaka 1095. Hakutaja kuwa Waislamu wa Granada walibatizwa kwa nguvu kuanzia mwaka 1499, na kuwa wajukuu zao walifukuzwa Hispania baina ya mwaka 1609 na 1614. Hata mji wa mfalme Manuel mwenyewe, Konstantinopoli, uliporwa mwaka 1204 na wanajeshi Wakristo wa Magharibi.

Na mambo haya hayakuwa siri kwa Vatican. Tarehe 12 Machi 2000 John Paul wa Pili aliomba msamaha kwa Mungu, katika Kanisa la Mtakatifu Petro, kwa makosa ya wana wa Kanisa, yakiwemo matumizi ya mabavu katika kuitumikia dini. Mei 2001, akiwa Athens, aliusikitikia uporaji wa Konstantinopoli. Kwa hiyo mlango wa kukiri ulikwisha kufunguliwa na mtangulizi wake. Benedict aliupita bila ya kuingia.

Mapapa wengine katika mizani hiyo hiyo

Je, tuseme basi kuwa John Paul alikuwa upande wetu na Benedict dhidi yetu? Mizani haikubali wepesi huo.

Msingi wa msimamo wa Kanisa kwa Waislamu leo ni tamko la Nostra Aetate, lililopitishwa na Mtaguso wa Pili wa Vatican na kutolewa tarehe 28 Oktoba 1965 chini ya Papa Paul wa Sita. Tamko hilo linasema kuwa Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja, wanaomheshimu Yesu kuwa ni Mtume na kumheshimu Mariamu, wanaoswali, wanaotoa sadaka na kufunga. Ukilinganisha na karne zilizopita, hiyo ni hatua kubwa. Lakini soma tena: jina la Muhammad (s.a.w.) halimo, wala Qur'ani haikutajwa. Waislamu wamesifiwa na aliyewafundisha amenyamaziwa.

John Paul wa Pili alizungumza na maelfu ya vijana wa Kiislamu Casablanca mwaka 1985, na tarehe 6 Mei 2001 akawa Papa wa kwanza kuingia msikitini, katika Msikiti wa Umawi, Damascus. Aliipinga waziwazi vita ya Marekani dhidi ya Iraq mwaka 2003. Hayo ni matendo, na tuyashukuru kama matendo. Lakini Papa huyo aliyebusu Msahafu mwaka 1999 ndiye aliyeidhinisha, mwaka 2000, waraka wa Dominus Iesus uliotiwa saini na Ratzinger, unaosema kuwa wafuasi wa dini nyingine wamo katika upungufu mkubwa kuhusiana na wokovu. Busu lile halikuwa shahada, na waliolisimulia hivyo jukwaani walijidanganya.

Naye Benedict, mwezi Novemba 2006, alisimama kimya kando ya mufti wa Istanbul ndani ya Msikiti wa Sultan Ahmed. Mei 2009 aliingia Qubbatus-Sakhra, Baitul-Maqdis, akiwa Papa wa kwanza kufanya hivyo. Wachache wanakumbuka. Kwa upande mwingine, ndiye aliyemwondoa Vatican Askofu Mkuu Michael Fitzgerald mwanzoni mwa mwaka 2006. Huyo alikuwa msomi wa Kiarabu aliyepata kufundisha Makerere, Uganda, na aliongoza baraza la mazungumzo na dini nyingine. Baraza lenyewe likawekwa chini ya uongozi wa pamoja na lile la utamaduni. Miezi michache baadaye ikaja Regensburg. Anayewaondoa wanaojua, hatashangaa akikosa wa kumwonya.

Papa Francis alitia saini hati ya udugu wa kibinadamu pamoja na Sheikh wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyib, huko Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019. Hati hiyo inasema kuwa tofauti za dini zimetakwa na Mungu, na Wakatoliki wengi walihoji sentensi hiyo. Mwislamu aisome kwa elimu. Wanazuoni wetu hutofautisha baina ya matakwa ya Allah (s.w.) ya kuumba, ambayo kwayo kila kilichopo kipo, na matakwa yake ya kisharia, ambayo kwayo ameridhia jambo. Asiyejua tofauti hii atachukua sentensi hiyo ama kuwa ni kufuru tupu ama kuwa ni ruhusa ya kuziona dini zote ni moja, na pande zote mbili atakosea.

Mtihani wetu

Sasa turudi kwetu. Baada ya hotuba ile, yapo majibu ya aina mbili yaliyotoka kwa Waislamu.

Jibu la kwanza ni la wanazuoni. Oktoba 2006 wanazuoni 38 wa madhehebu na nchi mbalimbali walimwandikia Papa barua ya wazi wakimwonyesha makosa yake moja baada ya jingine, likiwemo la aya ya Suratul-Baqara na lile la Ibn Hazm. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba 2007, wanazuoni 138 walitoa wito uliojengwa juu ya aya ya 64 ya Suratu Aali Imran, na Novemba 2008 Vatican ikakaa nao Roma. Hiyo ndiyo mijadala kwa njia iliyo bora tuliyoamrishwa katika Suratun-Nahl (16:125).

Jibu la pili lilikuwa la fedheha. Huko Nablus makanisa yalirushiwa mabomu ya moto, na miongoni mwayo yalikuwemo ya Waanglikana na Waorthodoksi, watu ambao Papa si kiongozi wao kabisa. Na tarehe 17 Septemba 2006 mjini Mogadishu aliuawa Sista Leonella Sgorbati, mtawa wa Kiitaliano mwenye umri wa miaka 65, aliyefanya kazi ya uuguzi Kenya kwa miaka mingi kabla ya kwenda Somalia. Alikuwa akitoka kufundisha wauguzi hospitalini. Mlinzi wake, Mwislamu, aliuawa pamoja naye. Watu wengi waliuhusisha uuaji huo na hasira ya Regensburg.

Fiqhi inasemaje? Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipokuta mwanamke ameuawa katika vita alilikemea jambo hilo na kukataza kuua wanawake na watoto. Imamu Malik amepokea katika Muwatta wasia wa Abu Bakr (r.a.) kwa jemadari wa jeshi la Sham, kuwa wale waliojitenga kwa ajili ya ibada waachwe na walichojitengea. Na Qur'ani (6:164) imeweka wazi kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Haya yalisemwa kuhusu hali ya vita. Vipi kwa bibi aliyeingia mjini kwa amani, akiwafundisha Waislamu namna ya kuwahudumia wagonjwa wao? Aliyemuua, ikiwa alidhani anamtetea Mtume (s.a.w.), basi alimpa hoja yule mfalme wa Byzantium ambayo mwenyewe hakuwa nayo.

Tunao mfano bora. Wakristo wa Najran walipofika Madina, Mtume (s.a.w.) aliwapokea msikitini kwake, na kwa mujibu wa Ibn Ishaq waliswali humo kwa swala yao. Alijadiliana nao juu ya Isa (a.s.) bila ya kulainisha itikadi hata kidogo, mpaka ikashuka aya ya kuapizana (3:61). Walipokataa kuapizana aliwaandikia mkataba, wakarudi kwao salama. Ukarimu haukuondoa hoja, na hoja haikuondoa amani.

Hitimisho

Nasaha zetu kwa maimamu na wanafunzi ni tatu. Kwanza, asihukumiwe Papa yeyote, wala mtu mwingine, kwa maneno ambayo hatujayasoma. Hotuba, nyaraka na matamko yao yanapatikana, na anayetaka kuyajibu mimbarini ayasome kwanza. Pili, heshima wanayotupa tuirudishe kwa heshima, lakini tusiifanye kuwa ni kukiri kwao Utume wa Muhammad (s.a.w.), kwani hawajakiri. Tatu, wakikosea tuwajibu mahala pa kosa: tarehe kwa tarehe, aya kwa sababu yake ya kushuka, na kauli kwa sanadi yake.

Suratu Aali Imran (3:186) imetutahadharisha kuwa tutasikia maudhi mengi kutoka kwa waliopewa Kitabu kabla yetu, na ikatuelekeza kwenye subira na uchamungu. Subira hiyo si kunyamaza. Ni kumfanya mwenye kuudhi akutane na elimu pale alipotarajia kukutana na upanga.

Wallahu a'alam.